Kabureta Iguswe Mwisho

Haya ni maneno niliyoyasema Jumapili chini ya mibuyu ya Mama Ngina, Mombasa, mbele ya wenye magari ya zamani na mafundi wao. Waliokosa kufika wameniomba niyaweke yote, basi nimeyaandika kama yalivyotoka.

Assalaam aleikum. Shikamooni wazee wangu. Hamjambo mabwana, hamjambo mabibi, na nyinyi vijana mnaokaa juu ya boneti za watu, hamjambo nanyi. Shukeni kwanza, bati la 1967 halikutengenezwa kukaliwa.

Nimeitwa nizungumze juu ya kutyuni kabureta, vile vifaa vinavyochanganya petroli na hewa, hasa za ubavuni, zile zinazolala kando ya injini zikavuta hewa kutoka ubavuni, si kutoka juu. Kwenye Mini ziko. Kwenye Morris Minor ziko. Kwenye MG ziko. Kwenye Datsun 1600 SSS ziko mbili. Na kila mwenye gari la namna hiyo hapa amekuja na kesi yake. La huyu lakohoa. La yule lanywa petroli likafilisi nyumba. La mwingine lazimika kila likifika foleni ya feri Likoni, na matatu nyuma yake yapiga honi kana kwamba yeye ndiye aliyeileta bahari. Wengine nawaona mna bisibisi mifukoni. Bwana wewe, irudishe. Hatujafika huko.

Neno langu leo ni moja, na nitalirudia mpaka mlichoke: kabureta iguswe mwisho. Si kwanza. Si katikati. Mwisho.

Kwa nini nasema hivyo? Kwa sababu kabureta ndiyo inayosingiziwa kuliko kitu chochote chini ya boneti. Iko juu, yaonekana, ina misumari inayozungushika, na mkono wa binadamu hauwezi kuona msumari unaozungushika ukauacha. Tapeti ziko chini ya kifuniko, mtu avivia. Kontakti ziko ndani ya distribyuta, kile kigawa umeme wa plagi, mtu aogopa. Kabureta iko pale, hoi, yangoja kuonewa.

Niwaulize wenye Mini. Distribyuta yenu iko wapi? Naam, iko mbele, nyuma tu ya grili. Injini ya Mini imelazwa kukingama, basi kabureta na ekzosi vimeenda nyuma upande wa ukuta wa chumba cha abiria, na umeme wote umebaki mbele, hapo maji yanaporuka. Sir Alec Issigonis aliitoa gari ile mwaka 1959 ikiwa na injini ya 848 cc, na akili aliyotumia kuingiza watu wanne katika gari la mita tatu mpaka leo nashangaa nayo. Lakini mvua ya masika ya Mombasa sidhani kama aliiwaza.

Kuna mwalimu mmoja wa kike, mkaazi wa Tudor, ana Mini ya marehemu babake. Masika moja alipita penye dimbwi, gari likakohoa mara mbili, likazimika. Wakatokea wasamaria. Mwawajua wasamaria wa barabarani, hawakosi, na kila mmoja ni fundi. Nilipofika mimi, kabureta ilikuwa imeshafumuliwa yote: pistoni, springi, sindano, vyote vimetandazwa juu ya leso kwenye kiti cha nyuma. Nikawauliza, plagi zatoa cheche? Wakatazamana. Hakuna aliyeangalia. Nikafungua kofia ya distribyuta, ndani maji yadondoka. Nikaomba ncha ya leso iliyo kavu, nikafuta kofia, nikafuta rota, nikafuta nyaya za plagi mpaka mwisho. Kazi imekwisha, sivyo? Haikwisha. Wale ndugu walipokuwa wakiichomoa ile sindano ya kabureta waliipinda. Kitu kizima kikaharibiwa kwa kosa la kitu kingine. Umeme ulikauka papo hapo, lakini sindano ilingoja mzigo kutoka Uingereza, na mwalimu akawa mtu wa tuktuk.

Basi kabla hujashika kabureta, shika haya. Pima mgandamizo wa silinda zote. Ikiwa moja imeachwa mbali na wenzake, hakuna kabureta duniani itakayoitibu, hiyo ni vali au ringi. Rekebisha uwazi wa tapeti, zile za vali: kwa injini hizi za Mini na Morris ni sehemu 12 za elfu za inchi, yaani kama milimita 0.30, injini ikiwa baridi. Kontakti, sehemu 15 za elfu. Plagi, sehemu 25. Kisha taimingi, yaani wakati cheche inapotoka. Kisha utafute mahali hewa inapoingia kwa wizi: gasketi ya manifoldi, mpira wa breki ya servo, na mhimili wa kile kipepeo kinachofunguka ukikanyaga akselereta. Mhimili huo ukilika, hewa hupenya pembeni, na sailensi, yaani mwendo wa injini mguu ukiwa nje ya pedali, haitatulia hata umlete fundi wa ndege.

Na tangi jamani! Sisi twakaa na bahari. Unyevu wa hapa waingia kila mahali, na tangi lililokaa nusu tupu kwa miezi hutoa unga wa kutu. Fungua chemba ya boya, kile kijisanduku cha petroli cha kabureta, uone chini pana nini. Ukikuta unga mwekundu, kutyuni bado. Tangi lioshwe, chujio litiwe kabla ya pampu, ndipo turudi mezani.

Sasa tumefika kwenye kabureta yenyewe. Nitakaa hapa kidogo, maana hapa ndipo penye utamu.

SU, aina ya kabureta ya ubavuni, ni kazi ya mtu wa Uingereza aitwaye George Herbert Skinner, mwanzoni mwa karne ya 20. Kwao walikuwa na biashara ya viatu, na kabureta zake za kwanza zilikuwa na kiriba cha ngozi pale ambapo leo pana pistoni. Mtoto wa watu wa ngozi, atatumia nini tena? Baadaye ngozi ikaondoka, ikaja pistoni ya chuma ndani ya ile kofia mnayoiona imesimama juu, lakini fikira ni ile ile.

Fikira gani? Kabureta nyingi zina koo la upana mmoja. SU koo lake hupanuka na kubana lenyewe. Ukikanyaga akselereta, injini huvuta hewa zaidi, ule mvuto ukapanda juu ya pistoni ukainyanyua, na koo likapanuka. Chini ya pistoni pana sindano iliyochongwa nyembamba kuelekea nchani, na sindano hiyo imezama ndani ya jeti, tundu linalopitisha petroli. Pistoni ikipanda, sindano yapanda nayo, na tundu linalobaki kati yake na jeti lakua. Hewa nyingi, petroli nyingi. Hewa kidogo, petroli kidogo. Hakuna pampu, hakuna msururu wa jeti za saizi mbalimbali. Pistoni moja, sindano moja, jeti moja. Mimi nimeona vyombo vingi, ila kwa usahili uliojaa akili hiki sijaona cha kukipita.

Na kwa sababu haina pampu ya akselereta, wewe unayekanyagakanyaga pedali kabla ya kupiga stata wafanya nini? Wafanya mazoezi ya mguu. Kwenye SU hakuna kinachomwagika. Asubuhi kukiwa na baridi, kama Mombasa pana baridi, vuta choki kidogo, piga stata, basi.

Sasa lile swali nililoletewa na watu wengi: gari lakwama kidogo ukikanyaga ghafla, kisha ndipo laenda. Kofia ya juu ina kifuniko cha kufungua kwa mkono, na chini yake pananing'inia kijiti. Kijiti hicho huogelea ndani ya oili. Kazi ya oili ni kuichelewesha pistoni isiruke juu kwa pupa. Ikicheleweshwa, mvuto juu ya jeti huzidi kwa nukta moja, petroli yaja zaidi, na gari laondoka bila kusita. Oili ikikauka, pistoni huruka, mchanganyiko huwa mwepesi ghafla, yaani petroli yapungukiwa na hewa yazidi, na gari lakwama katikati ya daraja la Nyali huku lori la mchanga laja nyuma. Tia oili ya injini ya kawaida. Rudisha kijiti taratibu, na utasikia kinakataa kidogo kabla kifuniko hakijafika kwenye nyuzi zake. Kikikataa hivyo, oili yatosha. Lakini nani kati yenu ameifungua kofia ile mwaka huu? Inueni mikono. Mwaona? Mikono mitatu, na mmoja ni wa mwanangu, yeye hana budi.

Tuna kijana wetu Kongowea, hodari, mikono yake ni ya dhahabu, ila apenda vitu vying'ae. Alifungua SU mbili za mteja akaona pistoni zimefifia rangi. Akachukua msasa laini, akazisugua mpaka zikawa kioo. Akasugua na ndani ya kofia. Kisha, katika kurudisha, kofia ya mbele akaipeleka nyuma, ya nyuma akaipeleka mbele. Gari lilipowaka halikusikia tena neno la mtu. Sailensi juu, sailensi chini, na ukipanda kilima lakosa pumzi. Mteja akasema labda petroli mbovu. Petroli haikuwa mbovu. Pistoni na kofia yake hutengenezwa zikae pamoja kwa uwazi mdogo sana, hazigusani, na kila pistoni ina kofia yake. Ukisugua, umepanua ule uwazi, mvuto wavuja, pistoni haipandi inavyotakiwa. Ukibadilishanisha, ni hivyo hivyo. Zioshe kwa petroli safi, zifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, zirudi kavu. Oili ni ndani ya ule mfereji wa katikati tu. Kisha inua pistoni kwa kidole uiachie. Isikike ikigonga chini, klak! Ikishuka kwa kusuasua bila kijiti cha oili kuwemo, kuna kinachokwaruza: uchafu, sindano iliyopinda, au jeti isiyokaa katikati.

Na kabla sijasahau, kuna tundu. Kwenye uso wa kabureta, pale panapofungwa chujio la hewa, pana vitundu vidogo vinavyopeleka hewa chini ya pistoni. Gasketi ya chujio nayo ina matundu yake. Ukiifunga kichwa chini miguu juu, gasketi huziba, na pistoni haipandi sawasawa. Gari zima, injini nzima, na ugonjwa wenyewe ni karatasi iliyogeuzwa. Nimeona watu wakiuza magari kwa jambo hili. Wallahi.

Haya, sasa mwaweza kutoa bisibisi zenu.

Injini iwe imepata moto kamili. Si moto wa kuzunguka mtaa mara moja, uende mpaka Bamburi urudi. Ukiwa na kabureta moja kazi ni nyepesi. Ukiwa na mbili, jambo la kwanza si petroli, ni hewa. Kabureta mbili ni wavuta makasia wawili katika mtumbwi mmoja: mmoja akivuta na mwingine akisinzia, mtumbwi wazunguka pale pale.

Legeza vikamata vinavyounganisha mihimili ya kabureta mbili, kila moja iwe huru. Rudisha nyuma misumari ya sailensi mpaka vipepeo vifunge kabisa, halafu uingize kila msumari sawa kwa sawa, zamu moja au moja na nusu. Washa. Chukua kipande cha mpira wa maji, mpira wa bustani tu, ncha moja sikioni, ncha nyingine kwenye mdomo wa kabureta, mahali pale pale kwa zote mbili. Sikiliza mvumo. Rekebisha mpaka mivumo miwili iwe mmoja na injini izunguke kama mara 800 kwa dakika. Kuna saa za kupimia hewa zinauzwa, nzuri, ninayo moja. Lakini mpira ndio naushika kwanza.

Mzee mmoja wa Changamwe, mstaafu, ana Datsun 1600 SSS ya rangi ya maziwa. Mwaijua historia ya gari hilo: mwaka 1970 Edgar Herrmann alishinda nalo Safari Rally, na watu wa nchi hii wakaanza kuzitazama Datsun kwa jicho jingine. Yake hutumia kabureta mbili za Hitachi, ambazo kazi yake ni ile ile ya SU, pistoni na sindano. Akalalamika kwamba lanywa mno, na plagi mbili za mbele ni nyeusi tititi, mbili za nyuma nyeupe. Alikuwa ameshabadilisha sindano. Alikuwa ameshabadilisha jeti. Mkewe, tuliyemkuta barazani, akasema bora angembadilisha yeye, ingekuwa nafuu kwa pesa. Nikaweka mpira sikioni. Kabureta ya mbele yavuma kama kawaida. Ya nyuma kimya. Kimya kabisa! Msumari wa sailensi wa nyuma haukuwa ukigusa chochote, kabureta ya mbele ndiyo iliyokuwa ikiibeba injini nzima kwenye sailensi, na ile ya nyuma ikangojea mpaka mguu ukanyage ndipo iamke kwa kuchelewa. Tukasawazisha hewa. Sindano mpya zikatoka, za zamani zikarudi.

Hewa ikilingana, ndipo petroli. Chini ya SU pana nati ya jeti, ina pande sita. Kila upande ni moja ya sita ya mzunguko, na hivyo ndivyo tunavyohesabu: upande mmoja, pande mbili. Ukiipandisha jeti, petroli yapungua. Ukiishusha, yaongezeka. Ukitaka pa kuanzia, pandisha jeti mpaka ilingane na sakafu ya koo, kisha ushushe pande 12, yaani mizunguko miwili kamili. Gari litawaka. Halitakuwa sawa, ila litawaka.

Sasa tafuta kile kipini kidogo chini ya kofia, kinachoinua pistoni. Kisukume. Mwanzo kitakwenda bure, kisha utahisi kimeigusa pistoni. Inua hapo kidogo sana, isizidi milimita moja, usikilize. Injini ikipanda mbio na ikabaki juu, mchanganyiko ni mzito, petroli imezidi. Ikitaka kuzima mara moja, mchanganyiko ni mwepesi. Ikipanda chembe halafu ikarudi mahali pake, hapo ndipo. Funga mdomo, usiguse tena, nenda kabureta ya pili. Ukimaliza ya pili rudi ya kwanza, kwa maana ukigusa moja umemgusa na mwenzake. Upande mmoja mmoja wa nati. Mwenye haraka aende akakate tikiti ya treni.

Kuna vijana watasema, ami, siku hizi kuna kipimo cha lamda, chaingizwa kwenye ekzosi na namba zaonekana. Ni kweli, na ni kitu kizuri. Namba 14.7 ni uzito wa hewa kwa kila uzito mmoja wa petroli ambapo vyote viwili huungua vikamalizana. Kwenye nguvu kamili injini hizi hutaka petroli zaidi, namba ishuke kwenye 12 na nusu au 13. Tumia, sikukatazi. Ila kipimo hakitakuambia kwamba kabureta ya nyuma imelala, kitakuambia wastani wa ulevi na usingizi.

Na tuzungumze Weber, maana naona macho ya vijana yashaanza kuzunguka.

Weber za ubavuni, DCOE, zatoka kwenye kiwanda alichokianzisha Edoardo Weber, Bologna, Italia. Ni kabureta za mbio. Kila moja ina makoo mawili, ukifunga mbili kila silinda yapata koo lake. Sauti yake, nakubali, yasisimua. Lakini Weber si SU. Koo lake halijipanui. Wewe ndiye unayechagua upana, kwa kubadilisha vikombe vya ndani, na ukikosea injini haitakusamehe.

Mtoto wa ndugu yangu, Kisauni, ana Datsun 1200. Injini yake ni ya 1171 cc. Akaagiza kutoka Dubai Weber mbili za 45, yaani za mdomo wa milimita 45, kwa sababu kwenye simu aliona gari la mtu wa ng'ambo lenye Weber za 45. Gari lenyewe alilolitazama lilikuwa na injini ya lita mbili! Akafunga. Chini ya mizunguko 3,000 kwa dakika gari halikuwa gari. Lakohoa, lapiga bakfaya, kufika Mtwapa ilikuwa safari ya kuaga nyumbani. Kwa nini? Koo likiwa pana mno kwa injini ndogo, hewa hupita polepole, na hewa ya polepole haina nguvu ya kuvuta petroli ikaivunja iwe ukungu. Na si hilo tu. Alifunga pampu ya umeme iliyotoka kwenye gari la kisasa la injekta. Pampu ya namna ile husukuma kwa mgandamizo wa karibu bari 3. Weber inataka kama bari 0.2 tu! Petroli ilikuwa inaishinda sindano ya boya na kumwagika juu ya ekzosi ya moto. Nilipoinusa nilimwambia mwanangu, zima, toka nje, mbali. Kwanza tulitafuta kizimamoto, kabureta tukaziangalia baadaye. Wangapi hapa wana kizimamoto ndani ya gari? Sitaki mikono. Nataka mjiulize mkifika nyumbani.

Kwa injini kama ile, Weber za 40 zenye vikombe vya milimita 28 au 30 zatosha na kusalia. Ili kupata pa kuanzia, mafundi huzidisha kikombe mara 4: kikombe cha 30, jeti kuu 120, yaani tundu la milimita 1.20. Jeti ya hewa, ongeza 50 juu yake. Hapo ni kizingitini, nyumbani bado. Na mjue kwamba hapa mjini, Buxton mpaka Makupa, hutembei kwa jeti kuu. Watembea kwa jeti ya sailensi, ile ndogo. Watu huhangaika na jeti kuu mwezi mzima, kumbe shida yao iko kwenye jeti ya sailensi. Na wenye Weber msipige akselereta ovyo kabla ya kuwasha. Hizi zina pampu, kila mkanyago humwaga petroli ndani.

La mwisho, na ni la kwetu hasa: hewa. Sisi tuko usawa wa bahari. Nairobi iko juu, mita 1,700 hivi, na kule mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano. Injini ikipanda kutoka hapa kwenda kule yapata hewa hafifu, lakini kabureta haipunguzi petroli kwa kiasi kile kile. Mchanganyiko wawa mzito. SU hujitahidi, haimalizi. Weber haijitahidi hata kidogo. Rafiki yangu mmoja alipeleka MG yake kwenye maonyesho ya magari kule Ngong Racecourse, imetyuniwa hapa ikatulia. Voi nzuri. Mtito Andei nzuri. Emali ikaanza uzito, na kufika Nairobi plagi zilikuwa na masizi. Akapandisha jeti pande mbili, gari likachangamka. Vizuri sana. Tatizo lilikuja kurudi. Alishuka na jeti zile zile, chini, chini, mpaka kwenye hewa nzito na joto la pwani, na sasa mchanganyiko ukawa mwepesi. Mchanganyiko mwepesi huunguza. Kwenye vilima vya Mazeras akaanza kusikia injini yagonga, akadhani ni mawe. Alifika, ila vali moja ya ekzosi ilikuwa imeungua ukingo. Kwa hiyo anayenunua gari Nairobi akalileta huku, jeti zishuke na taimingi iangaliwe upya kabla ya kulibana. Gari la bara litagonga pwani hata kama bara lilikuwa kimya.

Na lile la kuzimika Likoni? Injini imesimama foleni, upepo hakuna, na kwenye Mini kabureta imelala juu ya ekzosi. Petroli yachemka ndani ya chemba ya boya. Hiyo haitibiwi kwa nati. Rudisha ngao ya bati kati ya ekzosi na kabureta, ile ambayo fundi aliitoa akasema haina kazi. Weka kipande cha bakelaiti kati ya kabureta na manifoldi, kisipitishe joto. Mpira wa petroli usipite karibu na ekzosi. Ukishafanya hayo na bado lazimika, njoo kwangu.

Ukimaliza yote, kaza vikamata vya mihimili huku misumari yote miwili ikigusa, angalia waya wa choki uwe na ulegevu kidogo, rudisha machujio, kisha upime tena na machujio yakiwa ndani. Halafu panda nalo Mazeras gia ya tatu, mguu chini, mahali pasipo na lori nyuma. Kata moto, kanyaga klachi, ingia kando. Usichomoe ufunguo, usukani utafunga. Toa plagi utazame. Nyeusi yenye masizi, mzito. Nyeupe, mwepesi. Hudhurungi hafifu, andika: pande ngapi, sindano gani, tarehe, na uliko. Andika kwa kalamu kwenye karatasi ubandike ndani ya boneti, maana fundi atakayekuja baada yako ataanza kuzungusha.

Maswali tutayafanya tukiwa tumesimama. Fungueni maboneti, zimeni simu, na mwenye ile Morris Minor ya kijani alete hapa mbele. Usiiwashe kwanza. Niletee spana ya tapeti.